Kati ya gwaride na mazishi, jeshi linakua bila sisi kuliandika

Bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26 iliposomwa, Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) lilitengewa takriban Sh202 bilioni, kutoka karibu Sh173 bilioni zilizosomwa Juni ya mwaka uliotangulia. Magazeti yalichapisha takwimu hiyo, redio zikaitaja kwenye taarifa ya saa moja, na kabla wiki haijaisha wabishi walikuwa wamegawanyika pande mbili. Hapa Nakuru, ambako kambi ya Lanet iko mwendo mfupi wa matatu kutoka katikati ya jiji, wapo wanaoamini kwamba vyombo vya habari ndivyo vinavyoichochea nchi ijihami kupita kiasi, kwa kutuimbia kila siku Al-Shabaab, majangili wa kaskazini mwa Bonde la Ufa na vitisho vya majenerali wa Uganda. Wengine wanashikilia kinyume chake: kwamba wanahabari wanaanika siri za jeshi na kuwapa maadui nafasi ya kutuhesabia risasi.

Nadhani pande zote mbili zinavipa vyombo vyetu uzito visivyokuwa nao. Nguvu za kijeshi za Kenya zimeongezeka kwa zaidi ya mwongo mmoja bila gazeti lolote kuzisukuma na bila gazeti lolote kuzizuia. Mwanahabari wa Kenya hukutana na jeshi siku mbili: siku ya gwaride, silaha zinapopokelewa na bendera kupeperushwa, na siku ya mazishi, jeneza linapofika kijijini. Kilicho katikati, yaani nani aliamua, kwa tishio gani, kwa bei gani, na kama kifaa chenyewe kinafaa, huandikwa mara chache sana. Maamuzi yote hufanyika humo katikati. Kwa hiyo mchango wa vyombo vya habari katika kujiimarisha kwa jeshi letu upo, na ni mkubwa, ila unatokana zaidi na yale visiyoyaandika kuliko na kelele zake.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Aprili 2024. Alhamisi ya tarehe 18, helikopta ya jeshi ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, ikamuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wengine tisa. Walikuwa wametoka kukagua shule katika eneo lililosumbuliwa na ujangili. Hadi Jumapili runinga zote zilikuwa zimehamia Alego, kaunti ya Siaya. Tulielezwa kwa kina jinsi marehemu alivyotaka azikwe ndani ya saa 72 na bila jeneza. Tukajua nani aliketi wapi, nani alihutubia na nani alinyimwa kipaza sauti. Ukazuka mjadala wa wiki nzima kuhusu gharama za mazishi katika jamii zetu. Ulikuwa mjadala mzuri, tena uliohitajika Nyanza na Magharibi. Lakini helikopta ile ilikuwa ya aina ya Huey, ndege ambayo usanifu wake ulianza kujulikana ulimwenguni enzi za vita vya Vietnam. Mei 23, wiki tano tu baada ya ajali, Rais William Ruto akiwa ziarani Washington, Ikulu ya Marekani ilitoa orodha ya vifaa ambavyo Kenya ingepokea: magari ya deraya takriban 150 aina ya M1117, na helikopta 16, nane kati yake zikiwa Huey.

Sisemi Huey ni ndege mbovu. Zipo zilizofanyiwa ukarabati mkubwa, injini na mifumo ikabadilishwa, na nchi nyingi bado zinazirusha. Ninachosema ni kwamba swali lilijileta lenyewe: Mkuu wa Majeshi amefia ndani ya ndege ya aina hii, na mwezi unaofuata tunaahidiwa nyingine nane. Zimetengenezwa mwaka gani? Zimeruka saa ngapi? Nani atazihudumia, na kwa pesa za nani? Kichwa cha habari kilichotawala siku ile kilikuwa kwamba Kenya imefanywa mshirika mkuu wa Marekani aliye nje ya NATO, wa kwanza kusini mwa Sahara. Orodha ya helikopta ikapitishwa kama sehemu ya shangwe.

Tazama pia habari zenyewe hutufikia kutoka wapi. Januari 2017 Wakenya walifahamu kwamba serikali yao ilitaka kununua ndege 12 za Air Tractor zilizowekewa silaha, mpango uliokadiriwa kufika dola milioni 418, kwa sababu sheria ya Marekani inalazimisha Bunge la nchi hiyo kuarifiwa kabla ya mauzo kama hayo. Bei ikawa gumzo huku kwetu baada ya mbunge wa North Carolina, Ted Budd, kulalamika kwamba kampuni ya jimboni kwake ingeifanya kazi ile kwa gharama ya chini. Yaani mjadala wa kodi ya Mkenya ulianzishwa na mwanasiasa aliyekuwa akitetea ajira za wapiga kura wake. Mwaka 2021 magari 118 ya kivita aina ya Hızır yalitufikia kupitia Uturuki, ambako kampuni ya Katmerciler imo kwenye soko la hisa na haina budi kuwaambia wanahisa inapopata mkataba, huu ukiwa wa dola milioni 91.4. Magari ya M1117 tuliyasoma kwenye taarifa ya Washington. Mfumo wa Israeli wa kutungua ndege na makombora ulijulikana kwa wengi baada ya nyaraka za Wizara ya Fedha kuhusu mikopo kuutaja. Mwanahisa wa Istanbul na mbunge wa Carolina wana haki ya kujua kabla ya mlipa ushuru wa Kakamega, na wahariri wetu wamezoea hali hiyo kiasi kwamba hawaioni tena kuwa habari.

Wanaosema vyombo vya habari ndivyo vinavyopiga ngoma ya vita wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Historia imejaa mifano. Mwaka 1909 magazeti ya Uingereza yaliungana na wanasiasa kushinikiza serikali iunde manowari nane kubwa kwa hofu ya Ujerumani, wakati mjadala ndani ya baraza la mawaziri ulikuwa kati ya nne na sita; zikaundwa nane. Kabla ya uvamizi wa Iraq wa 2003, New York Times lilichapisha taarifa za silaha za maangamizi zilizotoka kwa watu waliotaka vita, na Mei 2004 wahariri wake wakakiri hadharani kwamba hawakuzichunguza inavyotakiwa. Hata hapa kwetu tuliwahi kuonja. Mwaka 2009 kisiwa cha Migingo katika Ziwa Viktoria, tunachogombania na Uganda, mwamba usiofika ekari moja uliojaa mabati na wavuvi, kilitawala kurasa za mbele kwa miezi, na hamasa ya kutaka jeshi litumwe ilipanda Nairobi kuliko hata Sori na Muhuru Bay ambako wavuvi wenyewe hutoka. Mwaka 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba wa Uganda alipoandika kwenye Twitter kwamba yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi katika muda usiozidi wiki mbili, ilikuwa vicheko kwa siku kadhaa na hasira kwa siku moja.

Lakini ukiiweka hoja hiyo kwenye mizani ya matukio ya Kenya, inapwaya. Migingo ilipigiwa kelele zote hizo na jeshi halikutumwa; serikali ikachagua wapima mipaka. Kule tulikopeleka jeshi, kelele zilikuja baadaye. Katikati ya Oktoba 2011 wanajeshi walivuka kuingia Somalia, na sababu tuliyopewa, ambayo vyombo vya habari viliibeba kama ilivyo, ilikuwa utekaji nyara wa watalii Lamu na wa wafanyakazi wa misaada Dadaab. Utekaji ulikuwa wa kweli na wa kutisha. Hata hivyo nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovujishwa na WikiLeaks zinaonyesha kwamba Januari 2010, mjini Addis Ababa, Moses Wetang'ula, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa akimshawishi Johnnie Carson, mwanadiplomasia wa Marekani aliyesimamia masuala ya Afrika, aunge mkono mpango wa Kenya wa kuweka eneo la kinga kule Jubaland, kusini mwa Somalia, na Carson hakuonyesha hamu. Mpango ulikuwa na umri wa zaidi ya mwaka mmoja na nusu wakati mtalii wa kwanza anatekwa. Wanahabari hawakuusukuma kwa sababu hawakuwemo chumbani. Walikaribishwa ulipokuwa tayari kuvuka mpaka, wakapewa nafasi kwenye magari na majina ya miji ya kukariri.

Mambo yalikwenda hivyo hivyo kwa Congo. Novemba 2, 2022 Rais alikabidhi bendera kwa kikosi kilichokuwa kinaelekea Goma, picha zikachapishwa. Bunge la Taifa liliidhinisha safari hiyo ya wanajeshi zaidi ya 900 wiki moja baadaye, Novemba 9, pamoja na makadirio ya Sh4.4 bilioni ya miezi sita ya kwanza. Katiba, kwenye kifungu cha 240, inaweka mkono wa Bunge katika kupeleka jeshi nje ya nchi. Mpangilio wa tarehe hizo mbili ulipaswa kuwa habari kuu, lakini ulifunikwa na bendera.

Upande wa pili, wa wanaodai usiri, nao una msingi. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi lilipovamiwa na watu 67 wakauawa, kulikuwa na saa ambazo kamera za moja kwa moja na jumbe za mitandaoni zilitaja maafisa walipo na waliojificha walipo. Mtu aliyekuwa amelala chini ya meza ya mkahawa hakuhitaji uandishi wa namna hiyo. Siku za mashambulizi, njia za misafara, idadi ya askari katika kambi ya mbali, haya hayana ubishi. Mhariri anayeyachapisha anacheza na roho za watu. Wakati huo huo jeshi lenyewe limeonyesha kwamba haliko mbali na mitandao linapotaka. Mwaka 2011 msemaji wake, Meja Emmanuel Chirchir, alikuwa akiandika Twitter karibu kila siku, ikiwemo onyo maarufu kwamba misafara mikubwa ya punda waliobeba mizigo ingechukuliwa kuwa ni shughuli ya Al-Shabaab. Punda wale walizunguka dunia nzima.

Mpaka kati ya siri ya kivita na siri ya zabuni si mgumu kuuona. Ukitaja bei ya gari la deraya, humwambii adui litapita barabara ipi. Ukiuliza kwa nini chombo cha majini kilichelewa miaka, huhatarishi baharia yeyote. Tena kazi hiyo imewahi kufanywa. Meli ya KNS Jasiri iliagizwa Uhispania mwaka 2003 kwa mkataba wa takriban Sh4.1 bilioni, ikaburutwa katika mjadala wa kandarasi za aina ya Anglo Leasing, ile kashfa ya zabuni za usalama, ikakaa huko hadi 2012 ndipo ikafika Mombasa. Waandishi waliifuata kwa miaka, na sijasikia kwamba Jeshi la Wanamaji liliangamia kwa sababu hiyo. Mwaka 2008 maharamia wa Kisomali walipoiteka MV Faina ikiwa na vifaru 33, serikali ilishikilia kwamba ni mali ya Kenya. Andrew Mwangura, aliyekuwa akifuatilia masuala ya mabaharia kutoka Mombasa, aliwaambia wanahabari kwamba vilikuwa vinaelekea Sudan Kusini, akakamatwa. Nyaraka za Wamarekani zilipovuja zikamthibitisha.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayotolewa kwa sauti kubwa zaidi, ni ya uzalendo: kwamba anayehoji bajeti ya ulinzi au anayetaka idadi ya waliokufa hawapendi wanajeshi. Ingekuwa kweli, ukimya ungekuwa umewanufaisha wanajeshi. Tuuangalie kwa tukio la El Adde. Alfajiri ya Januari 15, 2016, kambi ya Kenya huko Gedo, Somalia, ilivamiwa kwa magari yenye vilipuzi na mamia ya wapiganaji. Wengi wa waliokuwemo walitoka kikosi cha tisa cha Kenya Rifles, makao yake Eldoret. Januari 27 ikafanyika ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi, Eldoret, akiwepo Rais Uhuru Kenyatta pamoja na Muhammadu Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Marais watatu walisimama mbele ya wajane, na hakuna aliyewaambia ni wangapi waliokufa. Mwanahabari Yassin Juma alikuwa tayari amekamatwa kwa yale aliyoyaandika kwenye Facebook. Mwezi uliofuata Hassan Sheikh akatamka kwenye runinga kwamba waliouawa walikaribia 200; Nairobi ikakanusha bila kutoa takwimu yake. CNN ikaja kuhesabu angalau 141. Familia za Bungoma, Uasin Gishu na Busia zikabaki kukisia kwa kuhesabu magari ya maiti.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, kambi nyingine ya Kenya nchini Somalia, Kulbiyow, ilivamiwa. Alfajiri tena, magari yenye vilipuzi tena, kambi ya pembezoni tena. Jeshi lilisema wamekufa tisa, Al-Shabaab wakadai zaidi ya 50. Je, kama El Adde ingejadiliwa hadharani, kwa ripoti, kwa maswali ya Bunge, kwa majina ya waliopuuza tahadhari ikiwa walikuwepo, Kulbiyow ingekuwa imejiandaa vyema zaidi? Hakuna awezaye kuapa. Ila tunajua kwamba njia ya ukimya ilijaribiwa na haikuizuia. Askari aliye kambini ndiye msomaji wa kwanza wa habari za jeshi, akifuatwa na mkewe na mama yake, na yeye ndiye hudhulumiwa zaidi na taarifa zinazokatwa nusu.

Lanet ina kumbukumbu yake kuhusu hilo. Jioni ya Januari 24, 1964, wiki ile ile ambayo majeshi ya Tanganyika na Uganda yalikuwa yameasi, askari wa vyeo vya chini wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walikuwa wakimsubiri Waziri Mkuu Jomo Kenyatta kwenye televisheni, wakitarajia atangaze nyongeza ya mshahara. Hawakumwona. Uasi ukaanza usiku huo, ukazimwa kwa msaada wa wanajeshi wa Uingereza, na kikosi kikavunjwa. Mshahara ndio uliokuwa kiini cha malalamiko, hakuna ubishi. Lakini kilichowasha moto ni watu waliokaa mbele ya kioo wakisubiri taarifa kuhusu maisha yao wenyewe.

Kwa nini basi vyombo vyetu hubaki langoni? Sheria ni sehemu ya jibu: Sheria ya Siri za Serikali ya 1968 ingalipo, na ile ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ingawa ilikuja kutekeleza kifungu cha 35 cha Katiba, imeacha mlango mpana wa usalama wa taifa. Desemba 2014 serikali ilijaribu kuongeza vizuizi zaidi kwa wanahabari kupitia marekebisho ya sheria za usalama, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta. Lakini nadhani sehemu kubwa zaidi ni pesa na mazoea. Serikali ni mmoja wa watangazaji wakubwa nchini, na Machi 2024 ilipoagiza matangazo yake ya redio na runinga yapelekwe KBC, shirika lake la utangazaji, kila mhariri alielewa ujumbe. Huku mashinani, waandishi wengi hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa miezi mitatu akifuatilia zabuni moja ya magari.

Mtazame mwandishi huyo siku ya kusajili makurutu. Uwanja umejaa kabla ya jua kuchomoza. Vijana wamevua viatu, vyeti vimo kwenye bahasha za kaki zilizolowa jasho. Wanapimwa urefu, usiopungua mita 1.60, wanapandishwa mizani, mwanamume asipungue kilo 54.55, wanafunguliwa midomo meno yakaguliwe, wanakimbizwa kuzunguka uwanja, na mwenye nyayo bapa anatolewa kando. Mwandishi anapata picha ya msichana aliyefaulu akikumbatiwa na mama yake, anamnukuu afisa msimamizi akionya kuhusu hongo, anatuma kabla ya saa nane mchana. Ni habari halali na mhariri ataichapisha. Nafasi zilikuwa ngapi kwa kaunti ndogo ile, nani aliamua idadi hiyo, na mbona miaka nenda miaka rudi kuna vijana wanaonaswa langoni mwa kambi ya Eldoret na barua bandia baada ya wazazi kuuza ng'ombe? Hayo yatasubiri mpaka kesi ifike kortini.

Na ukuaji wa jeshi hauko kwenye silaha tu. Kampuni ya Kenya Shipyards, iliyoundwa 2020, iko chini ya Wizara ya Ulinzi, na karakana yake ya Kisumu ndiyo iliyounda MV Uhuru II kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Meli ya mita 100 kuundwa ufuoni mwa ziwa letu ni jambo la kujivunia, na mafundi vijana wa Kisumu walijifunza uchomeleaji ambao hawangeupata kwingine. Mwaka huo huo wa 2020 jeshi lilipewa Tume ya Nyama, na Meja Jenerali Mohamed Badi akakabidhiwa huduma za jiji la Nairobi. Habari zilizoandikwa zilifuata mkondo mmoja: raia wameshindwa, wanajeshi hawachelewi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakati jukumu la kiraia linahamia chini ya wizara ambayo ununuzi wake una ruhusa ya kufichwa, hesabu zake nazo zinaweza kuhama, na huo ndio upande wa habari niliousubiri Kisumu bila kuuona. Eldoret walishapitia hili mapema. Kiwanda cha risasi kilijengwa pale kwa utaalamu wa kampuni ya FN ya Ubelgiji, na kwa miaka kadhaa mradi ulikuwa siri hadi vyombo vya habari vilipouanika katikati ya miaka ya 1990. Leo wenyeji wanakipita wakienda kazini, na Ruiru kumeongezwa kiwanda cha bunduki chenye uwezo wa kutoa 12,000 kwa mwaka, kilichofunguliwa Aprili 2021. Nani anazinunua ni swali la kawaida kabisa kuhusu kiwanda chochote.

Uzito wa pengo hili umeongezeka tangu jeshi lianze kutumika zaidi ndani ya mipaka. Februari 2023 lilitumwa kuwasaidia polisi katika kaunti sita za Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge, Waziri wa Ulinzi, Aden Duale, alitangaza kwenye gazeti rasmi kwamba KDF itasaidia polisi nchini kote. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu iliruhusu, lakini ikaitaka serikali ichapishe wazi wanajeshi watafanya nini, wapi na kwa muda gani. Maswali hayo ya jaji ndiyo ambayo chumba cha habari kilipaswa kuwa kinayauliza miaka iliyotangulia, magari ya deraya yalipokuwa bado karatasi Istanbul na Washington. Gari likishatua halichagui tena kama litapelekwa msitu wa Boni kule Lamu au mtaa wa Kondele, Kisumu. Anayetaka kusikika kuhusu matumizi yake lazima awe alianza kuuliza wakati wa kuagizwa, na wakati huo wananchi wa Kisumu na Nakuru, ambao wamewahi kukabiliwa na moshi wa machozi kuliko wengi, hawakuwa hata na taarifa.

Baadhi ya kazi hii inaweza kuanza bila kibali cha mtu. Daftari la madeni ya taifa hutaja mkopeshaji na kusudi la mkopo. Bajeti za ziada huonyesha fungu la ulinzi linapopanda katikati ya mwaka. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti kuhusu wizara hiyo kama anavyofanya kwa nyingine, hata kama kuna kurasa zinazobaki ndani. Marekani na masoko ya hisa ya nje huchapisha mikataba yetu. Mwandishi mmoja wa Nakuru mwenye kompyuta na mhariri anayemlipa kwa mwezi badala ya kwa habari anaweza kuziweka nyaraka hizo pamoja na kuona kinachokosekana. Na kila mwaka, kabla ya Juni, Kamati ya Bajeti ya Bunge huzuru baadhi ya kaunti kusikiliza maoni ya wananchi. Watu hufika na barabara zao, mabwawa yao, madarasa na zahanati zao, na wabunge huandika. Fungu la KDF limo katika kitabu kile kile walichoshika mezani. Limeruka kwa karibu Sh30 bilioni kati ya hotuba mbili za bajeti, na mbunge wa Magharibi au wa Bonde la Ufa aliyelipigia kura anaweza kuulizwa pale pale, mbele ya maikrofoni, pesa hizo zinanunua nini.